Deni la Msonyo

Wajukuu zangu,

Anayeandika ni kaka yenu mkubwa, mimi nasema tu, maana macho yangu siku hizi yanaona mwanga na kivuli, herufi hazikai. Nimemkataza kunipamba. Aandike ninavyosema.

Wosia wetu huanza na madeni. Mtu akishazikwa, kabla hamjagawana hata bakuli, huulizwa hadharani: nani anamdai marehemu? Basi nianze huko. Mwenye duka la jumla la Mtaa wa Uhuru nimemaliza kumlipa, karatasi yake imo kwenye kopo la biskuti. Kwenye kikoba sidaiwi. Mama wa chumba cha nyuma ananidai shilingi 15,000 za mkaa; mpeni siku hiyohiyo, msimwambie aje kesho. Limebaki deni moja ambalo si la fedha, nami nimeishi nalo tangu mwaka 1987.

Miaka ya mwanzo ya themanini khanga ilikuwa kitu cha kupanga foleni tangu alfajiri, na mara nyingi ukifika mlangoni zimekwisha. Mzee Mwinyi alipoingia urais 1985 na biashara ikaanza kufunguka, mimi na babu yenu, Mungu amrehemu, tulikusanya akiba, tukauza na redio, nikapata meza Mtaa wa Kongo. Robota langu la kwanza lililetwa siku ya mvua. Kijana aliyelibeba alikuwa na miaka kama 17, mtu wa kusini kwa matamshi yake, miguu peku, ngata ya kitambaa kichwani. Alifika, akaniamkia shikamoo mzigo ungali kichwani. Akateleza akiutua. Pembe ya robota ikagusa tope, doti mbili zikaingia madoa.

Sikumtukana. Hata marahaba sikumwitikia. Nilimwangalia kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, nikarudi chini tena, nikasonya. Msonyo mrefu, ule wa kusikika mpaka meza ya tatu. Hela yake sikumpa mkononi, niliitupa chini, karibu na tope. Akainama akaokota, akaifuta kwenye kaptula. Akaniambia kwa sauti ya taratibu: "Mama, hela yangu nimepata. Lakini umenidharau." Akaondoka. Mimi na jirani yangu wa meza tukacheka.

Madoa yale yalitoka kwa sabuni ya kipande siku ileile. Khanga zote mbili niliziuza bei kamili.

Ilipita kama miaka ishirini. Babu yenu akafariki, nikawa nafuatilia karatasi zake katika ofisi moja ya mjini. Siku ya nne ya kurudishwa, binti wa dirishani, umri wa mama yenu mdogo, alizisukuma karatasi zangu kwa ncha ya kalamu, bila kuinua macho, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu. Hakusema neno baya. Ningeulizwa kafanya nini, ningekosa la kueleza. Nilikwenda kukaa kwenye benchi, na hapo benchini, si msikitini wala kwenye mawaidha, ndipo nikaisikia tena sauti ya yule kijana. Kesho yake nikaanza kumtafuta. Nilizunguka vijiwe vyote vya wabeba mizigo, kona ya Msimbazi, Tandamti, mpaka Shimoni kule chini ya soko. Ningemtafutaje, wajukuu zangu? Kila niliyemwuliza alinijibu kwa adabu: "Bibi, anaitwa nani?"

Nataka mlijue vizuri neno alilonipa yule kijana, maana nyie mnalinyunyiza kama chumvi. Mtu hakujibu ujumbe wenu kwenye simu: ana dharau. Kakunyima mkopo: ana dharau. Kapita na gari hakupiga honi: madharau yamemzidi. Kudharau ni kumwona aliye mtu kuwa si kitu. Asiyekupa chake hajakudharau, chake ni chake. Aliyechoka akapita bila kukuona hajakudharau.

Na sisi wazee tumelichafua kwa upande wetu, lazima niseme. Mtoto akiuliza "kwa nini", tunamjibu "unanidharau?" Mama yenu aliwahi kuniuliza kwa nini kaka yake apelekwe sekondari na yeye abaki kunisaidia mezani. Nikampiga kofi, nikasema ana dharau. Hakuwa na dharau. Alikuwa na swali, na swali lake lilikuwa la haki. Deni hilo nimelilipa, nimemwomba radhi mbele ya wenzake, lakini nyie msilirithi lile kofi. Mwanao akikuuliza, mjibu. Kama huna jibu, mwambie huna.

Kiswahili kina ndugu wengi wa neno hili, na kila mmoja ana mlango wake. Kupuuza ni kutokusikiliza. Unaweza kumpuuza hata unayemwogopa. Kubeza kunataka mdomo, kukejeli kunataka mdomo na kicheko. Kumtweza mtu ni kumshusha kutoka pale alipokuwa amesimama, mbele ya watu. Dharau inaweza kutangulia yote hayo, na inaweza kukaa peke yake, kimya, katika jicho, katika pua iliyokunjwa, katika bega lililogeuzwa. Ndiyo maana ni ngumu kuishitaki. Tusi lina maneno. Ukitukanwa, walio jirani wamesikia, unakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, anayakariri, mnapatanishwa. Msonyo utaukariri vipi kwa mjumbe?

Wakati mwingine neno hili tunalitumia kwa vitu pia. Mtu alidharau homa mpaka ikampanda kichwani. Alidharau ufa ukutani. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Na mahakamani lipo: kuidharau mahakama ni kosa, hakimu anaweza kukuadhibu. Nililisikia kwenye redio siku moja nikawaza, hakimu ana sheria ya kumlinda asidharauliwe, na mbeba lumbesa hapa Kariakoo, aliyepinda mgongo chini ya gunia la viazi lililopita kipimo, yeye ana nini? Ana ulimi wake tu wa kusema "umenidharau", na wengi hata hilo hawalisemi.

Nimeuza khanga zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo mambo ya kupigana vijembe nayajua kuliko wengi. Mwanamke akija na hasira hatazami rangi, hatazami pindo wala mji; anakwambia "nisomee majina", yale maneno ya kwenye khanga. Unamsomea moja moja mpaka unaona macho yake yamesimama. Hapo unajua jirani yake, au mke mwenziwe, au wifi, kesho atapitiwa mbele ya baraza na ujumbe wake mgongoni. Watu husema hiyo ni dharau. Nakataa. Nimeona kwa miaka yote hiyo: hakuna mtu anayenunua doti nzima kwa ajili ya mtu asiye kitu kwake. Kijembe kina hesabu ndani yake. Aliyekurushia kijembe amekesha anakufikiria, amejua utajibu, anangoja kuona utavaa nini Ijumaa. Ni ugomvi, tena wakati mwingine mbaya, lakini ni ugomvi wa watu wawili.

Utani ni hivyohivyo. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tunaambiana maneno ambayo mgeni akiyasikia anakimbia. Babu yenu alipofariki, mtani wake alikuja akajilaza kwenye mkeka wa waliofiwa, akasema hatutoki kuzika mpaka alipwe, akaiga jinsi marehemu alivyokuwa akivuta mguu na kukoroma. Nilikuwa nalia nikajikuta nacheka. Ndiye huyohuyo aliyekuwa wa kwanza kushika jembe makaburini. Na hao Simba wa Mtaa wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani, wametaniana tangu miaka ya thelathini, nyumba moja inalala na jezi mbili, wakifungwa hawa wale hawalali kwa kelele. Mtani anakuja msibani. Aliyekudharau haji, kwa sababu hata habari kwamba umekufa haimfikii.

Kwa hiyo msiogope kutaniwa. Msiogope hata kugombana. Ogopeni siku mtakapomwona mtu mkapitisha macho juu yake kama mnavyopitisha juu ya nguzo ya umeme.

Sasa nisikilizeni kuhusu mtaa wenu, maana mnajua bei za fremu zake na hamjui jina lake limetoka wapi. Kaka yenu huyu anayeandika, alipokuwa anasoma Chuo Kikuu, Mlimani, alinisomea. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916. Hakukuwa na barabara wala malori ya kutosha, na wanyama walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo vita vilibebwa kichwani na watu: risasi, unga, mahema, majeruhi. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa hapa. Ndimi za wazee wetu zikalifanya jina hilo Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, asili ni hiyohiyo. Wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu watu 100,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria, baridi na chakula kisichowafaa.

Na kuna jambo moja alinisomea nikamwambia arudie mara ya pili. Baada ya vita, ofisa mmoja wa Kiingereza wa wizara ya makoloni aliandika kwamba vita vile havikuwa kashfa kwa sababu tu walioteseka zaidi walikuwa wapagazi, na nani, hata hivyo, anawajali wapagazi? Nilinyamaza muda mrefu. Huyu bwana hakumchapa mtu kiboko pale mezani kwake. Labda alikuwa mpole nyumbani. Aliandika sentensi moja, akachovya kalamu, akaendelea. Mimi nilitupa hela chini. Kipimo ni tofauti, kitu ni kilekile.

Siku mkipita Mtaa wa Samora simameni kidogo pale kwenye sanamu, ile iliyozinduliwa 1927. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki na singe. Mpagazi na mzigo wake hakuwekwa kule juu. Lakini mji umemkumbuka kwa namna yake: askari ana sanamu, mpagazi ana Kariakoo nzima. Kila kondakta wa daladala anayepaza sauti "Kariakoo, Kariakoo" anawaita wale watu na hajui. Basi ninyi mlionizunguka, wenye fremu na wenye maghorofa, mkimsonya mbeba mzigo aliyewagusa bega kwenye msongamano, mnamsonya mwenye mtaa.

Hapa petu dharau iliwahi kuwa ramani. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa: Uzunguni kule baharini kwenye upepo, Uhindini katikati ya maduka, na huku kwetu Uswahilini. Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi uwe mpaka, wao wasilale karibu na sisi. Leo mpaka ule ni bustani na uwanja wa mikutano, watoto wenu wanakula aiskrimu pale, na barabara inayopita kando yake inaitwa Bibi Titi Mohamed. Nimemwona kwa macho yangu mwanamke huyu. Chama cha TANU kilipomtaka 1955 aandae kinamama, wenye vyeti wengi walikuwa watumishi wa serikali na wamekatazwa siasa. Waliomfuata ni wanawake wa vikundi vya ngoma, wauza maandazi, wapika pombe, watu ambao katika mji ule hakuna aliyewauliza lolote. Hao ndio waliouza kadi nyumba kwa nyumba.

Lakini mpaka wa Mnazi Mmoja umehamia vinywani mwetu. Nawasikia ninyi wenyewe, mliozaliwa mitaa ya Sikukuu na Narung'ombe, mkimwambia fundi aliyechelewa, "usiniletee mambo ya Kiswahili". Mnasema "tabia za uswahilini" mkimaanisha uongo, kelele na uchafu. Mwingereza ameondoka, na sisi tumeiokota dharau yake tunairusha wenyewe kwa wenyewe. Hilo linaniuma kuliko mengi. Fundi akichelewa, mwambieni amechelewa. Mwongo mwiteni mwongo. Jina letu liacheni.

Wengine wamefanya vizuri zaidi yenu. Machinga, kwa asili, ni jina la watu wa Lindi. Vijana wa kusini walipoingia mjini na bidhaa mikononi, mji ukalifanya jina lao kuwa neno la kumtaja kila mchuuzi wa barabarani, na lilisemwa kwa kukunja pua. Mwaka 1983 ilipita sheria ya Nguvu Kazi, vijana kama hao wakawa wanasombwa kwenye malori kama wazururaji wapelekwe mashambani. Leo wana shirikisho lao la taifa, lina jina hilohilo, na wakisema "sisi machinga" mawaziri wanakaa kuwasikiliza. Walilishika neno la dharau kwenye makali wakaligeuza mpini. Mara nyingi namwaza yule kijana wangu, kama naye alipata meza.

Na sasa la kwenu, kwa sababu nimeona.

Nimeona mmoja wenu akimrekodi video kwa simu yule mzee anayeokota maboksi Mtaa wa Aggrey, anayezungumza peke yake, mkaituma na mkacheka wote. Futeni. Wahenga waliruhusu kucheka uchafu, kilema walikikataza. Nimeona binti wa kazi nyumbani kwenu akila kilichobaki, kwenye sufuria, amechuchumaa jikoni, na hakuna kati yenu anayejua kwao ni wapi. Ana jina, nimemwuliza. Nimeona mkimwita muuza kahawa kwa kupiga makofi, kama mnaita paka. Nimeona mkibishana na mama ntilie kwa shilingi 500, na jioni mkiacha chakula cha shilingi 20,000 hotelini ili mwonekane mmeshiba. Hakuna hata moja kati ya mambo haya ambalo polisi watawakamatia.

Mtu wa mkokoteni akisema "mguu, mguu", pisheni, mzigo wake hauna breki. Akikuamkia, mwitikie. Hela mpe mkononi, kiganja kwa kiganja, mtazame usoni. Mtu wa kuja, anayeuliza njia ya kwenda Gerezani na ndoo yake kichwani, msimcheke matamshi. Nami nilikuja hapa kutoka Maneromango mwaka wa Uhuru na ndoo yangu kichwani, na aliyenionyesha njia hakunicheka.

Nimebakiza maagizo ya mazishi. Khanga zilizomo kwenye sanduku la chini wagawiwe wajukuu wa kike, doti moja moja, msikate pande. Cherehani ni ya mama yenu, kwa sababu ya lile kofi. Siku ya arobaini msikodi ukumbi. Pikeni pilau hapa uani, na kabla hamjala ninyi na wageni wenu wa suti, mmoja wenu aende kijiwe cha wabeba mizigo cha Msimbazi awaalike waje waketi mkekani. Wanawiwe mikono kama wageni wengine wanavyonawishwa. Kaka yenu asimame awaambie kwamba marehemu alimdharau mwenzao mwaka 1987, Mtaa wa Kongo, siku ya mvua, na anawaomba radhi. Dhambi ya haki ya mja Mungu hunisamehe huyo mja akishanisamehe, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa hiyo msione aibu kwa ajili yangu, semeni kwa sauti.

Yeye leo, kama yu hai, ana miaka hamsini na kitu, mtu mzima mwenye mvi. Huenda yuko hapahapa mjini, huenda alirudi kusini, huenda ana duka la kuwapita ninyi nyote. Mkipata fununu yake, mfuateni hata kama ni Newala. Msitangulize hela. Mwamkieni shikamoo, ngojeni awaitikie, kisha mwulizeni jina lake. Mimi sikumwuliza.

Bibi yenu,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo